Askofu Weston na Mzozo wa Kikuyu
Frank Weston, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1871, alifika Unguja mwaka 1898, akawa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908. Juni 1913, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walikutana Kikuyu kupanga shirikisho la misheni zao, kisha wakashiriki Meza moja ya Bwana. Weston alighadhibika, akawashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Mwaka 1918 ukapatikana muungano hafifu tu, kila dhehebu likibaki na ibada yake. Ajabu ni kwamba askofu huyo huyo, mwaka 1920, aliikemea serikali kwa kuwashurutisha Waafrika kazi. Alifariki mwaka 1924. Aliwatetea Waafrika dhidi ya shokoa, lakini akawaachia urithi wa ugomvi usiokuwa wao.