Gudina Tumsa wa Uhabeshi

Yatupasa kumjua mtumishi huyu wa Kanisa la Kilutheri. Gudina Tumsa alizaliwa mwaka 1929 huko Wollega, magharibi ya Uhabeshi. Akawa mchungaji, na mwaka 1966 akawekwa kuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Mekane Yesus.

Mwaka 1974 askari walimwondoa Mfalme Haile Selassie, wakaishika nchi. Baadaye makanisa mengi yakafungwa, na Wakristo wengi wakatiwa gerezani. Gudina naye alikamatwa zaidi ya mara moja. Rafiki zake wakamsihi akimbie. Hakukubali kuliacha kundi.

Tarehe 28 Julai 1979 aliongoza ibada mjini Addis Ababa. Alipotoka, alinyakuliwa pamoja na mkewe, Tsehay Tolessa. Gudina aliuawa usiku uleule, lakini watu wake hawakuambiwa. Tsehay akafungwa karibu miaka kumi. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1991, ndipo mahali pa maiti yake pakajulikana, akazikwa kwa heshima mwaka 1992.

Basi tujifunze. Miaka hiyo yote walio mbali hawakupata habari za hakika za Gudina, na huku Tsehay alikuwa hai kifungoni, akihitaji maombi yao. Hata leo wako Wakristo wafungwao katika nchi nyingine. Tusingoje barua ndipo tuombe. Kila Jumapili tuwataje mbele za Mungu wafungwa, wake zao na watoto wao, na hao wawaudhio pia, ili Bwana awageuze mioyo.