Pumzi kwanza, meta nyuma: maisha ya Jacques Mayol

Wasomaji wetu wa Kamituga, Misisi na Shabunda wanajua kazi ya kushuka. Kwa shimo, mtu anashuka na taa na kamba. Kwa draga za mto Ulindi, mzamiaji anashuka na mupira wa hewa mdomoni. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyefika meta 100 chini ya bahari bila chupa, bila mupira, na pumzi moja tu. Hatumuandiki juu ya nguvu zake. Tunamuandika juu ya miaka mingi aliyotumia kujitayarisha.

Jacques Mayol alikuwa Mufaransa, lakini alizaliwa Shanghai, kule China, tarehe 1/4/1927. Akiwa mtoto, familia yake ilikuwa ikienda likizo Japani. Ni kule aliona pomboo kwa mara ya kwanza, yule mnyama wa bahari ambaye Wafaransa wanamwita dauphin. Pomboo anafanana na samaki lakini anapumua hewa sawa na sisi: anavuta pumzi juu, anaifunga, kisha anazama.

Baadaye, kule Miami, Marekani, Mayol alikutana na pomboo jike aliyeitwa Clown, akafanya kazi mahali alipofugwa. Alikuwa akiogelea naye na kumuangalia. Aliona kwamba mnyama yule hakimbii ovyo wala hatupi nguvu bure. Akaelewa kama kuzama ni kazi ya utulivu kabla ya kuwa kazi ya mapafu.

Mwaka 1966, kwa visiwa vya Bahamas, alifika meta 60. Siku zile walikuwa wakishindana na Mwitalia Enzo Maiorca na Mwamerika Robert Croft. Kuna madaktari waliofikiri kama kifua cha mtu kitavunjika akipita meta 50. Hesabu yao haikuwa ya mchezo. Kwa kila meta 10 za maji, uzito unaokandamiza mwili unaongezeka sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa meta 100, hewa iliyojaza mapafu inabaki sehemu moja tu ya 11. Kile wasichojua vizuri ni kwamba damu inakimbilia kifuani na kujaza nafasi ile, na moyo unapunguza mwendo.

Kutoka meta 60 mpaka meta 100, Mayol alitumia miaka kumi. Ile miaka haikuwa ya kuzama tu. Alijifunza yoga, akajifunza kupumua polepole kwa tumbo, kulegeza mabega na shingo, kutuliza mawazo. Mwaka 1970 alirudi Japani, akakaa na watawa wa zen ili ajifunze kukaa kimya. Mtu aliyempita njiani angefikiri ni mvivu aliyeketi bure. Kumbe alikuwa anajenga msingi.

Tarehe 23/11/1976, karibu na kisiwa cha Elba, Italia, alishika chuma kizito kinachoteremka kwa kamba, akafika meta 100, akarudi juu kwa mupira uliojazwa hewa. Alikuwa na miaka 49. Akizama tena baadaye, mapigo ya moyo wake yalishuka mpaka 27 kwa minuti. Mwaka 1983, akiwa na miaka 56, alifika meta 105. Mwaka 1988 sinema Le Grand Bleu ilitangaza jina lake dunia nzima. Alikufa nyumbani kwake Elba mwezi wa 12/2001, kisha kipindi cha huzuni nyingi.

Shule za kuzama za leo zinafuata mpango wa namna ile. Mwanafunzi anaanzia inchi kavu: kupumzika na kupumua. Kisha maji mafupi, kisha masikio, kisha namna ya kuokoa mwenzake. Meta zinakuja nyuma. Na hakuna anayezama peke yake, hata mabingwa.

Tena wanamkataza kupumua haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama. Kile kinachotusukuma kuvuta hewa ni hasa ile gesi chafu inayojaa mwilini. Upungufu wa hewa nzuri hausikiki mapema. Ukipumua haraka, unatoa gesi ile, lakini hewa nzuri haiongezeki sana. Kengele inanyamaza, na mtu anazimia bila kusikia dalili.

Ndiyo maana tunasema na wandugu wa mashimo. Mwenzetu akianguka ndani ya shimo lenye hewa mbaya, mara nyingi ndugu yake anavuta pumzi kubwa, anaifunga, anaingia kumtoa. Kisha wanahesabiwa wafu wawili, ao watatu. Tujiulize: Mayol alikuwa ametulia, karibu hatumii misuli, na watu walikuwa wakimngojea kwa kamba. Wewe unaingia na moyo unaopiga mbio, unataka kubeba mtu wa kilo 70 kupanda ngazi. Pumzi ile haitafika minuti moja, na ukiifungua mle ndani unakunywa gesi ileile.

Kwa hiyo msingi wa shimo ni huu: hewa isukumwe ndani kwa mashini kabla mtu hajashuka, anayeshuka afungwe kamba tangu juu, na watu wawili wabaki mdomoni mwa shimo tayari kumvuta. Kamba na mashini vitafutwe leo, kazi ingali salama. Wamama nao wanaweza kuuliza jambo hilo asubuhi, kabla baba ao kijana hajatoka nyumbani.