William Phips: Aliyeopoa fedha baharini, matajiri wakavuna

WILLIAM Phips alipotia nanga Uingereza mnamo Juni 1687, merikebu yake ilikuwa imebeba zaidi ya tani 20 za madini ya fedha, yaliyokuwa yamelala chini ya bahari kwa miaka 46.

Shehena hiyo ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya pauni 200,000, kiasi kikubwa mno kwa enzi hizo. Hata hivyo, nahodha mwenyewe aliambulia takriban pauni 11,000 pekee.

Phips alizaliwa 1651 katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Maine, Marekani, lililokuwa koloni la Uingereza. Inasimuliwa kuwa alichunga kondoo hadi umri wa miaka 18, kisha akajifunza useremala wa meli.

Alihamia Boston, akajifunza kusoma na kuandika akiwa tayari mtu mzima, na kumwoa mjane wa mfanyabiashara.

Mnamo 1683 Mfalme Charles II alimwazima meli ili akatafute mali iliyozama katika visiwa vya Bahamas. Mabaharia wake hawakuwa na mshahara. Walitegemea mgao wa kitakachopatikana. Kilichopatikana kilikuwa kidogo, nao wakaasi, wakitaka meli igeuzwe ya uharamia. Phips aliwazima.

Alirejea London akiwa na jina la ushujaa lakini bila mali. Ndipo Kabaila wa Albemarle, Christopher Monck, na wenzake wakachanga mtaji wa takriban pauni 3,200 na kumpa meli mbili, James and Mary na Henry.

Safari hii mabaharia waliajiriwa kwa mshahara. Hasara ikitokea ingekuwa ya wenye hisa, na faida pia.

Januari 1687, wazamiaji wa Henry waliona mizinga katikati ya matumbawe, kaskazini mwa kisiwa ambacho leo kina Haiti na Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa merikebu ya Uhispania, Nuestra Señora de la Concepción, iliyozama 1641 ikisafirisha utajiri wa makoloni kutoka Veracruz, Mexico.

Kazi yenyewe ilifanywa na wazamiaji wenyeji wa Amerika, walioshuka wakiwa wamezuia pumzi na kupandisha sarafu na vipande vya fedha hadi Aprili.

Mabaharia walipoona utajiri ukirundikana, manung'uniko yalianza: wao wangelipwa mshahara ule ule. Phips aliwaahidi kwamba wenye mtaji wasipowatuza, angewatuza kwa fungu lake mwenyewe. Meli ikafika salama.

Mfalme James II alichukua sehemu moja ya kumi. Albemarle, ambaye hakukanyaga kwenye miamba hiyo, alipata zaidi ya pauni 40,000. Phips alipewa cheo cha Sir.

Mkulima wa majani chai wa Ikonge, kaunti ya Nyamira, hajawahi kuhitaji meli, lakini hesabu hii si ngeni kwake. Anayechuma na anayegawa bonasi hawakai meza moja.

Habari za faida hiyo ziliwatia watu wazimu. Phips aliporudi baharini mwaka huo huo, tayari vyombo vya watu wengine vilikuwa vimekomba sehemu kubwa ya mabaki, na mapato yakawa haba. Nchini Uingereza, kampuni za uopoaji zilichipuka na kuuza hisa, nyingi zikaporomoka. Mwandishi Daniel Defoe ni miongoni mwa waliopoteza pesa humo.

Mnamo 1690 Phips aliongoza uvamizi wa Quebec, ukashindwa. Kwa kukosa pesa za kuwalipa askari, koloni la Massachusetts lilichapisha noti za karatasi. Hivyo, mtu aliyetajirika kwa fedha halisi akachangia kuzaliwa kwa pesa za karatasi Amerika.

Aliteuliwa gavana wa koloni hilo 1692, akaunda mahakama iliyohukumu washukiwa wa uchawi mjini Salem. Watu 19 walinyongwa kabla hajaivunja. Akiwa ameitwa London kujibu mashtaka ya utawala wake, alifariki Februari 1695.

Swali la nani amiliki fedha za baharini halikuzikwa naye. Meli ya Tilawa ilizamishwa na nyambizi ya Japani Novemba 1942 ikitoka Bombay kuelekea Mombasa na kusini, na watu 280 wakafa. Vipande 2,364 vya fedha vilivyonunuliwa na Afrika Kusini viliopolewa 2017.

Mei 2024, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa Afrika Kusini ilikuwa na kinga dhidi ya dai la malipo la waopoaji, ingawa pande hizo zilikuwa zimeshaafikiana.

Enzi za Phips, hakuna aliyewauliza Wahispania, wala wachimba migodi wa Amerika waliotoa fedha hizo ardhini kwa jasho lao.