Benjamin Franklin na kijiko cha mafuta

Wengi wanamjua Benjamin Franklin kwa kishada alichorusha kwenye radi mwaka 1752, au kwa sura yake kwenye noti ya dola 100 ya Marekani. Wachache wanajua kwamba alichunguza pia mafuta juu ya maji, jambo ambalo leo linasaidia kuzinasa meli zinazochafua bahari.

Alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa mtengeneza sabuni na mishumaa. Aliacha shule akiwa na miaka 10, akajifunza uchapaji kwa kaka yake, na alipofika miaka 17 akatorokea Philadelphia.

Mwaka 1757, akisafiri kwenda Uingereza katika msafara wa meli nyingi, aliona maji nyuma ya meli mbili yametulia, huku nyuma ya nyingine yakichafuka. Nahodha alimweleza kuwa huenda wapishi walikuwa wamemwaga maji yenye mafuta. Miaka ilipita. Kisha, kwenye bwawa la Clapham jijini London, Franklin alimimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai. Viwimbi vilitulia, na karibu nusu eka ya maji ikawa laini kama kioo. Tangu hapo alitembea na mafuta kidogo ndani ya fimbo yake ya mwanzi, akijaribu kila alipopata nafasi. Huko Portsmouth, mwaka 1773, alitaka kupunguza nguvu ya mawimbi yanayopiga ufukweni. Ilishindikana, na hilo nalo aliliandika bila kuficha katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1774.

Alifariki mwaka 1790, rada ikiwa bado haijabuniwa. Leo setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2014, hupiga bahari kwa mawimbi ya rada usiku na mchana, hata kukiwa na mawingu. Maji yenye viwimbi huyarudisha mawimbi hayo kwenye setilaiti. Palipo na mafuta viwimbi hutulia, na picha huonyesha doa jeusi. Meli inayosafisha matangi yake safarini huacha mstari mweusi nyuma yake, na ishara za utambulisho ambazo meli kubwa hutakiwa kutuma husaidia kujua ni meli gani.

Lakini doa jeusi pekee halitoshi. Upepo ukikatika, bahari yote huonekana nyeusi, na mwani nao hutoa utando unaofanana na mafuta. Kwa hiyo ndege au boti hutumwa kuhakikisha, na ikichelewa inaweza kukuta mafuta yametawanyika na meli imekwenda zake.