Frank Swift, kipa aliyeanzisha mashambulizi kwa mikono

Kipa anayelinda lango katika viwanja vya Kitengela hana budi kujuana na upepo kabla ya kujuana na washambuliaji. Mji huo wa Kaunti ya Kajiado umekaa katika nyanda tambarare za Athi na Kaputiei, na hapo mpira uliopigwa juu huweza kupeperushwa pembeni, ukatua miguuni mwa wapinzani au ukatoka nje kabisa. Ndiyo maana kipa mwenye akili, awe anachezea timu ya mtaa Kitengela au ameshuka katika uwanja wa Ildamat mjini Kajiado, huudaka mpira, akatupa macho huku na kule, kisha akamrushia kwa mkono beki au kiungo aliye huru. Watazamaji hawashangai. Kwao ni jambo la kawaida, kana kwamba soka ilizaliwa nalo.

Ukweli ni kwamba soka haikuzaliwa nalo. Kwa miaka mingi huko Uingereza, kazi ya kipa ilihesabiwa kuwa mbili tu: kuzuia, na baada ya kuzuia, kubutua mpira mbali kadiri ya nguvu za mguu wake. Ulikoangukia haikuwa shauri lake tena. Miongoni mwa waliouvunja mwiko huo mapema, hakuna aliyefanya hivyo kwa ufasaha kumshinda Frank Victor Swift, mlinda lango wa Manchester City na wa timu ya taifa ya Uingereza. Mashabiki wa City, ambao kati ya mwaka wa 2017 na 2025 walimshangilia Ederson kwa pasi zake za miguu, wangestaajabu kujua kwamba miaka 80 kabla yake klabu hiyo hiyo ilikuwa na kipa aliyeyaanzisha mashambulizi kwa viganja.

Swift alizaliwa tarehe 26 Desemba 1913 mjini Blackpool, mji wa pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza unaoishi kwa watalii kama unavyoishi mji wetu wa Malindi. Hakutoka katika nyumba ya mali. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha gesi, na jioni na mwisho wa wiki akawa langoni. Kaka yake, Fred, alikuwa kipa pia. Frank alianza kuonekana alipoichezea timu ndogo ya Fleetwood, na mnamo Oktoba 1932 Manchester City wakamchukua. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa shilingi 10 za Kiingereza kwa wiki.

Maumbile yalimpendelea. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 2, na kiganja chake kilipotandazwa kilipima takriban sentimita 30 kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mpira wa siku hizo ulishonwa kwa ngozi, na uliponyeshewa ulikuwa mzito na mtelezi kama sabuni. Makipa wengine waliukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Swift aliweza kuushika kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika chungwa.

Mwaka wa 1933 City walifika fainali ya Kombe la FA na kulimwa 3-0 na Everton. Swift, ambaye bado hakuwa amechezea kikosi cha kwanza, alisafiri kwa pikipiki hadi Wembley kushuhudia kichapo hicho akiwa shabiki tu. Miezi minane baadaye, City walipotoka kufungwa mabao 8-0 na Wolves, kipa mzoefu Len Langford alikaa kando na kijana huyo akaitwa. Mechi yake ya kwanza ilichezwa sikukuu ya Krismasi ya 1933 dhidi ya Derby County. Alifungwa manne. Kwa makipa wengi huo ungekuwa mwanzo na mwisho, lakini hakuondolewa, na Kombe la FA lilipoanza alikuwa yeye langoni.

Safari hiyo ya kombe ndiyo iliyomtia katika historia. Tarehe 3 Machi 1934, City walipowakaribisha Stoke katika uwanja wa Maine Road, watu 84,569 walijazana humo, idadi ambayo ilibaki kuwa rekodi ya uwanja wa klabu nchini Uingereza. City walishinda 1-0. Katika nusu fainali waliwacharaza Aston Villa 6-1, na tarehe 28 Aprili wakaingia Wembley kuchuana na Portsmouth mbele ya watazamaji 93,258. Swift alikuwa na umri wa miaka 20.

Yaliyompata siku hiyo yamesimuliwa mara nyingi, na yanastahili. Mvua ilikuwa imelowesha uwanja. Swift hakujua kama avae glavu au aache, na kwa kuwa hakuwa na uzoefu wa kujiamulia, alitupa jicho upande wa pili wa uwanja kuona mwenzake wa Portsmouth, Gilfillan, atafanya nini. Gilfillan hakuvaa. Swift naye akaziweka zake kando. Dakika ya 28 Rutherford wa Portsmouth akafyatua kombora, mpira ukamteleza Swift vidoleni, ukatinga wavuni. Wakati wa mapumziko kijana huyo alikaa chumbani akijilaumu kwamba glavu zingemwokoa. Mshambuliaji Fred Tilson alimtuliza kwa kumwahidi kwamba angeingia kipindi cha pili na kufunga mabao mawili.

Tilson alitimiza ahadi. Alisawazisha, kisha zikiwa zimesalia dakika chache akafunga la pili. Hapo ndipo mateso ya Swift yalipoanza upya. Wapiga picha waliokaa nyuma ya lango lake wakawa wanamhesabia dakika zilizobaki, moja baada ya nyingine, naye akizisikia akiwa amesimama peke yake kwenye eneo lake. Kipenga cha mwisho kilipolia, aliinama kuokota kofia na glavu zake wavuni, akazirai. Ilibidi wenzake wamwinue kabla ya kupanda kupokea nishani kutoka kwa Mfalme George V. Siku chache baadaye mfalme alituma simu ya maandishi kuulizia afya yake.

Wapo waliomdhihaki kwa kuzirai huko. Mwandishi wa makala haya haoni la kudhihaki. Straika akikosa bao hupata nafasi nyingine. Kipa akiteleza, hesabu huandikwa ubaoni papo hapo. Yeyote aliyewahi kuwekwa langoni katika mashindano ya shule, huko Kajiado au kwingineko, kwa sababu tu alikuwa mrefu au hakujua chenga, anaifahamu hofu hiyo.

Ajabu ni kwamba hofu hiyo haikumfanya awe kipa wa kujificha kwenye mstari. Kinyume chake. Aliposhika nafasi yake sawasawa alianza kutoka langoni, kuufuata mpira, na baada ya kuudaka hakuubutua ovyo. Aliwatazama viungo wake, miongoni mwao Mskoti mmoja mwenye utulivu aitwaye Matt Busby, na kuwarushia mpira hadi miguuni. Mantiki yake ilikuwa rahisi: mpira uliobutuliwa juu hugombewa na watu wawili, na nusu ya mara huchukuliwa na adui, mpira uliorushwa kwa aliye huru ni wa kwenu bado. Kwa mkono wake mrefu aliweza kuufikisha karibu na katikati ya uwanja. Mashabiki walioona kipa akikawia na mpira mkononi walipiga makelele mwanzoni, kisha wakazoea, kisha wakalipenda jambo hilo. Naye Swift alikuwa mcheshi, mtu wa kutaniana na watazamaji waliokaa nyuma ya goli na hata na wapinzani waliotoka kumpiga kumbo. Ikumbukwe kwamba sheria za wakati huo zilimruhusu mshambuliaji kumsukuma kipa kwa bega akiwa na mpira.

Mwaka wa 1937 City walitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza katika historia yao, na Swift alicheza mechi zote 42. Msimu uliofuata walishushwa daraja ingawa walifunga mabao 80, mengi kuliko timu yoyote katika daraja hilo. Ni kituko ambacho mashabiki wa City wa makamo bado hukisimulia kwa kicheko chenye uchungu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1939 Swift alikuwa na miaka 25, umri ambao kipa ndiyo kwanza anakomaa. Ligi ilisimamishwa. Alijitolea kuwa polisi wa akiba, na husimuliwa kwamba siku ya kwanza alipopewa kazi ya kuongoza magari mjini Manchester aliyavuruga kiasi cha kuamua kuondoka zake na kuyaacha yajipange yenyewe. Baadaye alijiunga na jeshi na kuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Aliichezea Uingereza mechi kadhaa za wakati wa vita, lakini hizo hazihesabiwi rasmi. Kwa hiyo rekodi yake inaonyesha mechi 19 tu za kimataifa, zote kati ya Septemba 1946 na Mei 1949, alipokuwa tayari amepita miaka 32. Msomaji akiilinganisha idadi hiyo na ya makipa wa leo, akumbuke miaka saba iliyoliwa na vita.

Katika muda huo mfupi alifanya makubwa. Aprili 1948, dhidi ya Scotland mjini Glasgow, aligongana vibaya na Billy Liddell na kuumia mbavu, lakini alibaki langoni hadi mwisho na Uingereza ikashinda 2-0. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Mei, alivalishwa utepe wa unahodha mjini Turin dhidi ya Italia, akawa kipa wa kwanza kuiongoza Uingereza katika karne ya 20. Italia walikuwa mabingwa wa dunia, wakicheza nyumbani, na wengi katika kikosi chao walitoka klabu ya Torino iliyokuwa ikitawala soka ya nchi hiyo. Stan Mortensen alifunga mapema, kisha Waitaliano wakamiminika. Swift alizima hujuma moja baada ya nyingine, na kila alipozima, mpira ulirudi kwa mwenzake badala ya kurudi kwa adui. Uingereza walishinda 4-0.

Mtu hawezi kuikumbuka mechi hiyo bila kutaja kilichofuata. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Mei 1949, ndege iliyokuwa ikiwarejesha Torino kutoka Lisbon iligonga kilima cha Superga, nje kidogo ya Turin. Abiria wote 31 walikufa. Miongoni mwao walikuwa Valentino Mazzola na Valerio Bacigalupo, kipa aliyekuwa amesimama katika lango la pili siku Swift alipokuwa nahodha.

Mwezi huo huo Swift alicheza mechi yake ya mwisho ya kimataifa, dhidi ya Norway. Alikwishaamua kustaafu angali anaheshimiwa, ingawa City walimrudisha kwa mechi chache mwanzoni mwa msimu uliofuata kwa sababu kipa aliyemrithi aliugua. Jumla ya mechi zake za ligi ilifika 338, zote kwa klabu moja. Pengo lake lilizibwa na Bert Trautmann, Mjerumani aliyekuwa mateka wa vita, ambaye uteuzi wake ulizusha maandamano kabla ya kuwa kipenzi cha Manchester nzima. Trautmann naye alisifika kwa kuurusha mpira mbali.

Swift alipata kazi ya uandishi wa michezo katika gazeti la News of the World. Kazi hiyo ilimfaa, kwa maana alipenda safari na alipenda watu. Ndiyo iliyomkutanisha tena na Matt Busby, ambaye tangu 1945 alikuwa meneja wa Manchester United na alikuwa amejenga kikosi cha vijana kilichozungumzwa Ulaya nzima. Tarehe 5 Februari 1958 United walitoka sare 3-3 na Red Star mjini Belgrade, wakafuzu kwa nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Kesho yake ndege yao ilitua Munich kujaza mafuta. Theluji ilikuwa ikianguka. Rubani alijaribu kupaa mara mbili akaahirisha. Katika jaribio la tatu, theluji iliyoyeyuka mwishoni mwa njia ya kurukia ilipunguza kasi, ndege haikuinuka, ikavunja ua na kuigonga nyumba.

Kati ya watu 44 waliokuwemo, 23 walipoteza maisha. Wanane walikuwa wachezaji, na wanane wengine walikuwa waandishi wa habari. Kipa wa United, Harry Gregg, alinusurika na kurudi ndani ya mabaki kuwavuta wengine nje. Swift alitolewa akiwa bado anapumua, lakini alifariki njiani akipelekwa hospitalini. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Wachunguzi wa Ujerumani Magharibi kwanza walimlaumu rubani, James Thain, kwa kutoondoa barafu kwenye mabawa, na ilichukua hadi mwaka wa 1969 kabla ya uchunguzi wa Uingereza kumwondolea lawama. Busby alilazwa Munich kwa wiki nyingi. Mwaka wa 1968, miaka 10 baada ya ajali, United chini yake walitwaa Kombe la Ulaya katika uwanja wa Wembley, uwanja ule ule alikochukua nishani ya Kombe la FA pamoja na Swift mwaka wa 1934.