Profesa Thomas Odhiambo na Lugha ya Harufu ya Wadudu

Anayeshuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kwa mteremko wa Lyamba lya Mfipa hufika katika Bonde la Ziwa Rukwa, penye mbuga za nyasi zinazofurika maji wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Mbuga hizo ni miongoni mwa maeneo machache ambamo nzige wekundu hupata mazingira ya kuzaliana kwa wingi hata wakageuka kuwa makundi. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige hao walienea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta, wakaacha njaa nyuma yao. Mwaka 1949 serikali za kikoloni ziliunda shirika la kimataifa la kupambana nao. Makao yake yaliwekwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu upande wa Zambia. Kwa miaka mingi silaha kuu ya vita hiyo ilikuwa sumu.

Hata hivyo, sumu haikujibu swali la msingi. Nzige mmoja mmoja ni mdudu mpweke asiye na madhara makubwa. Kitu gani humfanya ajiunge na wenzake, akawa sehemu ya jeshi? Mwandishi wa Kitabu cha Mithali alikwisha kustaajabia jambo hilo, kwamba viumbe wasio na mfalme husafiri kwa utaratibu kama askari. Mmoja wa Waafrika wa kwanza kulifuatilia fumbo la nzige kwa njia ya sayansi alikuwa Profesa Thomas Risley Odhiambo, ambaye maisha yake yanafaa kukumbukwa na kila familia inayoishi kwa jembe na mifugo.

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, wakati uvamizi ule mkubwa wa nzige wekundu ukiwa ndio kwanza umeanza. Alisoma Maseno, magharibi mwa Kenya, kisha Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya kilimo ya Uganda, akiwachunguza wadudu waharibifu wa mazao. Huko alijifunza jambo ambalo hakuliacha maisha yake yote: ni vigumu kumshinda mdudu ambaye hujapata kumfahamu.

Wakati huo elimu ya wadudu ilikuwa ikiingia katika zama mpya. Mwaka 1959, Odhiambo akiwa kijana wa miaka 28, wanasayansi wa Ujerumani walitangaza kwamba wamefaulu kuitambua harufu ambayo nondo jike wa hariri huitoa ili kumwita dume. Walihitaji nondo wapatao nusu milioni ili kupata kiasi kidogo tu cha kemikali hiyo. Mwaka huohuo likatungwa jina la kemikali za namna hiyo: feromoni. Tofauti yake na homoni ni rahisi kueleweka. Homoni hupeleka ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine ndani ya mwili uleule. Feromoni hutoka nje ya mwili na kupeleka ujumbe kwa kiumbe mwingine wa jamii hiyohiyo.

Wazee wetu waliziona kazi za harufu hizo ingawa hawakuwa na jina la kuziita. Mrina asali anajua kwamba nyuki mmoja akichoma, wengine humiminika mahali palepale. Sababu ni kwamba mwiba huacha harufu ya hatari, inayokaribiana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita walinzi wa mzinga. Moshi anaoupuliza mrina huifunika harufu hiyo, wito usiwafikie. Chungu nao hufuata njia iliyopakwa harufu na wenzao, na ukiifuta kwa kidole utawaona wakisimama na kutangatanga kama wasafiri waliopoteza barabara.

Odhiambo alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1965. Aliyemchagua kwa utafiti wake ni nzige wa jangwani, ndugu wa mbali wa nzige wekundu wa Rukwa. Alichunguza tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo wa nzige dume, na jinsi homoni yake inavyoongoza ukomavu na uzazi wa mdudu huyo. Watafiti wengine wa miaka hiyo walionyesha kwamba tezi hiyohiyo ina mkono pia katika harufu anayoitoa dume aliyekomaa, harufu inayowaharakisha vijana walio karibu naye wakomae pamoja. Hivyo kundi zima huwa tayari kwa wakati mmoja, na jibu la swali la Mithali likaanza kuonekana: nzige hawana mfalme, lakini wana ujumbe unaosafiri hewani.

Aliporudi nyumbani alifundisha katika chuo kikuu mjini Nairobi. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Marekani la Science juu ya sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba Afrika haiwezi kuendelea kuazima majibu ya matatizo yake. Mbung'o, nzige na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi wako hapa, na wanaoumia kwa ajili yao wako hapa. Kwa hiyo maabara zinazowachunguza zijengwe hapa, na vijana wa hapa wafundishwe hadi kiwango cha juu kabisa.

Mwaka 1970 hoja hiyo ilizaa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa kifupi kama ICIPE. Kilianza Nairobi katika majengo duni, lakini Odhiambo aliwashawishi wanasayansi mashuhuri wa ng'ambo, akiwemo mkemia Carl Djerassi, wakiunge mkono na kuwalea watafiti vijana wa Kiafrika. Baadaye kituo kilipata makao makubwa eneo la Kasarani, yaliyopewa jina la Duduville, na kituo kingine huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, ambacho leo kinaitwa kwa jina lake. Aliongoza ICIPE hadi mwaka 1994.

Matunda ya kazi hiyo yalifika kwa wafugaji. Mbung'o humtafuta ng'ombe kwa kufuata harufu ya pumzi yake na ya mkojo wake. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti wa ICIPE walibuni mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi ulioitwa NGU, wakauwekea mkojo wa ng'ombe na kemikali ya asetoni. Mbung'o aliyedhani amempata ng'ombe aliishia mtegoni. Hapakuhitajika ndege za kunyunyizia sumu, na vifaa vyake viliweza kupatikana kijijini. Kuhusu nzige wa jangwani, watafiti wa kituo hicho walitambua katika miaka ya 1990 kemikali kuu ya harufu ya madume waliokomaa. Walipoipeleka kwa tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, kundi lilivurugika na mshikamano wake ukalegea. Harufu ya mdudu iligeuka silaha dhidi ya mdudu mwenyewe, bila kumdhuru nyuki, ndege wala samaki.

Kanisa nalo liliitambua kazi yake. Mwaka 1981, wakati wa Mtakatifu Yohane Paulo II, Profesa Odhiambo aliteuliwa kuwa mwanachama wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi mjini Vatican. Taasisi hiyo, iliyoundwa upya na Papa Pio wa XI mwaka 1936, huwakusanya wanasayansi wa mataifa yote bila kujali dini zao, kwa kuwa Kanisa linaamini kwamba ukweli wa uumbaji na ukweli wa imani hutoka kwa Mungu mmoja. Mwana wa Mombasa akaketi pamoja na magwiji wa dunia, na mada yake ilikuwa mdudu.

Mwaka 1985 Odhiambo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipokea, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal, Tuzo ya Afrika ya Uongozi katika kukomesha njaa. Alifariki dunia tarehe 26 Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72.

Ndugu msomaji, urithi wake unatuhusu sisi wa Rukwa kwa karibu sana. Mkoa wetu ni ghala la mahindi, na mkulima wetu anapambana na viwavi wanaotoboa mabua na viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017. Wapo wanaonyunyiza sumu bila kinga wala vipimo, mara nyingine mtoto akiwa amebeba ndoo ya maji kando yao. Watafiti wa ICIPE na wenzao wameonyesha njia nyingine: kupanda desmodiamu katikati ya mahindi, mmea ambao harufu yake humfukuza nondo, na kuzungushia shamba mabingobingo, ambayo harufu yake humvuta akatage huko. Nchini mwetu pia, mitego ya feromoni imetumika kwa miaka mingi kuwanasa nondo wa viwavijeshi, ili wakulima wapewe tahadhari kabla ya mashambulizi.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kila kiumbe kina thamani mbele ya Mungu, na kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Sumu inayomwagwa ovyo huviongeza vilio vyote viwili. Maarifa hupunguza vyote viwili.

Mbuga za Rukwa bado zipo, na nzige wekundu bado wanazaliana humo. Miongoni mwa watoto wanaoketi leo katika madarasa ya Mtowisa, Laela, Namanyere na Sumbawanga mjini, huenda yupo atakayefumbua yale yasiyojulikana bado juu yao. Mzazi anayemwona mtoto wake ameinama akifuatilia mstari wa chungu asimkaripie kwamba anapoteza muda. Amuulize ameona nini, na amlipie ada ya shule.