Abu Bakr al-Razi: Mkemia aliyeandika ili wengine wajaribu

Kila yanapotajwa majina ya wanasayansi wa zama za Kiislamu, jina la Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi halikosekani. Aghalabu hutajwa kwa mkato: tabibu mkubwa, mgunduzi wa hiki na kile, kisha mzungumzaji humwendea mwingine. Mtu wa daraja yake anastahili zaidi ya hayo. Anastahili kuelezwa kwa yale aliyoyatenda, na kuondolewa yale anayovishwa na wapenzi wake.

Kwa mujibu wa mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni, al-Razi alizaliwa mwezi wa Shaaban mwaka 251 Hijria, sawa na mwaka 865, katika mji wa Rayy, ambao magofu yake yako jirani na Tehran ya leo. Jina lake maana yake ni mtu wa Rayy. Al-Biruni anaeleza kuwa shughuli yake ya mwanzo ilikuwa kemia. Alikaa mbele ya tanuri, akivuta mivuke mikali na kutazama moto, hata macho yake yakaingia maradhi. Kutafuta dawa ya macho ndiko kulikomfikisha kwenye utabibu. Baadaye alisimamia hospitali ya Rayy, kisha hospitali ya Baghdad.

Kemia ya wakati ule ilikuwa na tamaa kubwa ndani yake, nayo ni kuyageuza madini duni yawe dhahabu. Al-Razi naye aliamini kuwa jambo hilo linawezekana. Mwanafalsafa al-Kindi alipolikanusha, al-Razi aliandika kumjibu. Leo tunajua kuwa katika mas-ala hayo haki ilikuwa upande wa al-Kindi, kwa kuwa moto wa tanuri hauwezi kuibadili asili ya madini.

Lakini tazama, ndugu msomaji, namna alivyoiendea kazi hiyo. Katika zama hizo vilikuwapo vitabu vinavyonasibishwa na Jabir bin Hayyan. Ndani yake elimu ilitawanywa makusudi, kipande hapa na kipande kule, ili asiyestahiki asiifikie. Al-Razi alishika njia nyingine. Aliombwa na mwanafunzi wake wa zamani kutoka Bukhara amwandikie kazi ya kemia, akamtungia Kitab al-Asrar, yaani Kitabu cha Siri. Jina ni la siri, lakini ndani yake mlikuwa na maelekezo ya karakana.

Kitabu hicho kina milango mitatu: kujua vitu vinavyotumika, kujua vyombo, na kujua namna ya kutenda. Katika mlango wa kwanza aligawa vitu kuwa vya wanyama, vya mimea na vya ardhini. Vya ardhini akavigawa tena mafungu sita: roho, miili, mawe, zaji, boraki na chumvi. Roho kwake ni vitu vinavyokimbia kwa moto, kama zebaki na kibiriti. Miili ni metali, kama dhahabu, fedha, shaba, chuma na risasi. Msomaji wa Kiswahili atayatambua mengi ya maneno hayo, kwani zebaki, kibiriti, dhahabu, fedha na risasi tunayatamka leo karibu kama alivyoyaandika yeye kwa Kiarabu.

Katika mlango wa vyombo alitaja tanuri, mivukuto, vyungu vya kuyeyushia, koleo, nyundo na tupa. Alitaja pia chombo chenye umbo la kibuyu pamoja na kifuniko chake chenye mdomo, ambacho mvuke hupanda ndani yake, ukapoa na kushuka matone. Kifuniko hicho Waarabu walikiita al-anbiq, na jina hilo likaingia katika lugha za Ulaya pamoja na chombo chenyewe. Katika mlango wa tatu alieleza namna ya kuyeyusha, kuunguza hadi jivu, kuvukiza, kukusanya matone, kugandisha na kuchanganya metali na zebaki. Mwenye kukisoma akiwa na vyombo hivyo aliweza kuketi na kujaribu mwenyewe. Hapo ndipo ulipo uzito wa mchango wake. Elimu isiyoweza kujaribiwa na mwingine humtegemea mtu mmoja, naye akifa hufa pamoja naye.

Tabia hiyo ya karakana aliingia nayo hospitalini. Inasimuliwa kuwa alimnywesha zebaki nyani aliyekuwa naye nyumbani, akamwona akijipinda na kuling'ata tumbo lake, bila ya madhara makubwa zaidi. Kisha akatofautisha zebaki ya maji na ile iliyovukizwa ikawa kama chumvi, akatahadharisha kuwa hii ya pili ni sumu kali. Kadhalika, katika ugonjwa wa uvimbe wa utando wa ubongo, aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa na wengine akawaacha makusudi, ili aione tofauti. Kwa leo tunajua kuwa kutoa damu si dawa ya maradhi hayo, ila kule kulinganisha makundi mawili ndiko msingi wa majaribio ya dawa hadi sasa. Risala yake juu ya ndui na surua ilieleza dalili za kila moja, na ikasomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Ama kuhusu yale anayozidishiwa, yapo mawili mashuhuri. Husemwa kuwa alitundika vipande vya nyama mjini Baghdad ili kuchagua mahali pa kujenga hospitali ya Adud al-Dawla, pale nyama itakapochelewa kuoza. Hospitali hiyo ilifunguliwa takriban mwaka 982, naye alikuwa amekwishafariki zaidi ya miaka hamsini. Husemwa pia kuwa ndiye mgunduzi wa alkoholi na asidi ya salfa. Watafiti wa historia ya kemia hawakubaliani na dai hilo. Kumsifu mtu kwa asilolitenda ni kumdhulumu, kwa sababu uongo ukifichuka hubomoa na kweli iliyokuwa karibu yake.

Wapo kwa upande wa pili waliotaka asitajwe kabisa, kwa ajili ya kauli anazonasibishiwa juu ya utume, ambazo wanazuoni walizikataa. Nyingi katika kauli hizo zimetufikia kupitia kalamu za wapinzani wake. Al-Biruni naye hakuridhika na itikadi yake, na akalisema hilo waziwazi. Pamoja na hayo alikaa akaandika orodha ya vitabu vyake, akahesabu 184, na takriban ishirini kati yake vikiwa vya kemia. Huo ndio uadilifu wa wanazuoni: kosa huitwa kosa, na haki ya mtu hapunjwi.

Al-Biruni anasimulia pia kuwa al-Razi alikuwa akiweka taa katika kishubaka cha ukuta na kukiegemeza kitabu hapo, ili usingizi ukimchukua kitabu kianguke na kumwamsha. Mwisho wa umri wake alipofuka. Mwanafunzi wake mmoja alikuja kutoka Tabaristan ili amtibu. Alimshukuru, akamwambia kuwa tiba hiyo itamwongezea maumivu tu, na kwamba muda wake umekaribia. Alifariki Rayy mwezi wa Shaaban mwaka 313 Hijria, yaani mwaka 925.

Mswada wake mkubwa wa utabibu ulibaki mikononi mwa dada yake. Waziri Ibn al-Amid akaununua, wanafunzi wakaupanga, ukawa al-Hawi, uliofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279. Macho yake yalikwisha katika kusoma na kuandika, na aliyoyaandika yakabaki kwa wenye macho wasome, wajaribu, na wasahihishe pale alipokosea.